Jinsi ya kutabiri mzigo wa mtandao wa simu kwa ujifunzaji wa mashine, na jinsi ya kujua kama utabiri huo unalipa gharama zake

Mnara wa simu hutumia umeme hata saa ambazo karibu kila mtu katika eneo lake amelala, kwa sababu mitambo yake ya redio hubaki imewashwa ikisubiri wateja ambao hawatakuja mpaka alfajiri. Mhandisi anayejua, saa moja kabla, kwamba mzigo wa eneo fulani utashuka, anaweza kuzima baadhi ya masafa ya mnara huo na kuyawasha tena kabla watu hawajaamka. Na anayejua kwamba mzigo utapanda, anaweza kuandaa nafasi kabla msongamano haujaanza. Kazi ya kutabiri hivyo ndiyo inayoelezwa hapa, kuanzia kuzipata data mpaka kuiweka kazini modeli, yaani kanuni ya hesabu ambayo kompyuta imejifunza kutokana na data, kwa kutumia mfano mmoja halisi: data za simu za jiji la Milan, Italia. Nimeuchagua mfano huo kwa kuwa data zake ziko wazi kwa yeyote mwenye kompyuta na intaneti, na mitandao ya simu ambayo imewahi kutoa data za namna hiyo hadharani ni michache mno.

Watu wengi wanaoingia katika kazi hii huanza kwa kuuliza ni modeli ipi yenye nguvu kuliko zote. Naomba uanze na swali jingine, ambalo tutakutana nalo tena na tena: je, kujifunza kwenyewe kutaugharimu mtandao kiasi gani? Katika fani nyingine, kama vile kutambua picha, mtandao ni njia tu ya kufikishia data kwenye seva. Hapa mtandao ndio mgonjwa tunayemtibu, na kila baiti inayobeba modeli au vipimo inapita katika njia zile zile tunazotaka kuzipunguzia mzigo.

Kuzipata data na kuzisafisha

Data hizi zilitolewa na kampuni ya Telecom Italia kwa ajili ya shindano la mwaka 2014, kisha zikaelezwa kwa kina katika jarida la Scientific Data mwaka 2015, na zinahifadhiwa katika hazina ya Harvard Dataverse. Zinaanzia tarehe 1 Novemba 2013 mpaka tarehe 1 Januari 2014, yaani siku 62. Jiji limegawanywa katika miraba 10,000, mia kwa mia, kila mraba ukiwa na upande wa takriban mita 235, na vipimo vimejumlishwa kwa kila dakika kumi. Kila siku ina faili lake, na kila mstari wa faili una safu nane: namba ya mraba, wakati, msimbo wa nchi, meseji zilizoingia, meseji zilizotoka, simu zilizoingia, simu zilizotoka, na shughuli za intaneti.

Kabla ya kuandika mstari wowote wa programu, elewa namba hizo zinapima nini, maana hapa ndipo wengi hupotea. Safu ya intaneti haihesabu baiti. Inahesabu kumbukumbu zilizoandikwa na mtambo wa kampuni, na kumbukumbu moja huandikwa mtu anapoanza kutumia intaneti, anapomaliza, au, akiwa katikati ya matumizi, baada ya kupita dakika 15 au megabaiti 5 tangu kumbukumbu iliyotangulia. Zaidi ya hayo, kampuni ilizizidisha hesabu zote kwa namba moja isiyobadilika ambayo haikuitaja, ili kulinda siri zake za kibiashara. Kwa hiyo unaweza kusema kwamba mraba huu ulikuwa na shughuli mara tatu ya ule, au kwamba Jumatatu ilizidi Jumapili, lakini huwezi kusema ni gigabaiti ngapi zilipita. Ukiona ripoti inayotaja gigabaiti kutokana na data hizi, mwandishi wake hakusoma maelezo.

Soma faili moja moja, la siku moja kwa wakati mmoja, badala ya kujaribu kuyapakia yote katika kumbukumbu ya kompyuta. Kwa kuwa mstari mmoja ni wa msimbo mmoja wa nchi, jumlisha misimbo yote ili kila mraba uwe na thamani moja kwa kila kipindi cha dakika kumi. Siku moja ina vipindi 144, siku 62 zina vipindi 8,928, na ukizidisha kwa miraba 10,000 unapata thamani 89,280,000. Ukihifadhi kila thamani kwa baiti 4, jedwali lote la intaneti linaingia katika megabaiti 357 hivi, ukubwa ambao kompyuta ndogo ya mkononi inaumudu. Zikumbuke hesabu hizi, kwa sababu zitaamua jambo kubwa mbele.

Mahali ambapo hapakuwa na shughuli, faili halina thamani, jaza sifuri. Lakini usijaze kwa upofu. Kama miraba mingi imekosa thamani katika kipindi kimoja, hasa saa za mchana, jua kwamba mtambo wa kukusanya ndio uliokwama, si kwamba jiji zima lilinyamaza, na kipindi hicho kiwekee alama ya kukosekana badala ya sifuri.

Wakati nao unahitaji uangalifu. Umeandikwa kwa milisekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za dunia, na katika miezi hiyo Milan ilikuwa saa moja mbele ya saa za dunia. Kompyuta iliyowekwa saa za Afrika Mashariki, ambazo ziko saa tatu mbele, ikiachwa itafsiri yenyewe itasogeza kila kitu kwa saa mbili: wanafunzi wataonekana wakifika chuoni saa za chakula cha mchana, na wewe utaanza kutafuta sababu za kijamii za kosa la kompyuta. Taja ukanda wa saa waziwazi katika programu yako. Katika ripoti, andika saa kwa mtindo wa 08:00 na 20:00, kwa kuwa ukiandika saa mbili msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuuliza ni saa mbili ipi.

Kuzitazama kabla ya kuzitabiri

Chora wiki moja ya miraba mitatu: namba 4259, ambao una Chuo Kikuu cha Bocconi, namba 4456, wa mtaa wa Navigli, ambako watu hukusanyika jioni kando ya mifereji, na namba 5060, wa kanisa kuu la Duomo katikati ya jiji. Utaona kwamba miraba mitatu ya jiji moja, inayohudumiwa na kampuni moja, ina maisha matatu. Chuo huamka na ratiba ya masomo na kutulia mwisho wa wiki, mtaa wa mifereji una jioni ndefu, na katikati ya jiji kuna wafanyakazi, wanunuzi na wageni kwa pamoja. Tofauti hii si jambo la pembeni. Ndiyo itakayotusumbua zaidi tutakapofika kwenye kujifunza kwa pamoja.

Kisha weka kalenda mezani. Tarehe 1 Novemba 2013 ilikuwa Ijumaa, lakini ni sikukuu ya Watakatifu Wote nchini Italia, kwa hiyo siku ya kwanza kabisa ya data si Ijumaa ya kawaida. Tarehe 7 Desemba ni siku ya Mtakatifu Ambrosi, msimamizi wa jiji la Milan, na tarehe 8 Desemba ni sikukuu ya kitaifa. Tarehe 22 Desemba timu za soka za Inter na AC Milan zilikutana katika uwanja wa San Siro, na Inter ikashinda bao 1 kwa 0. Tafuta miraba ya uwanja huo uone mechi moja inavyobadilisha mstari wa grafu. Baada ya hapo zinafuata Krismasi na mkesha wa mwaka mpya. Tengeneza safu ya ziada inayosema kama siku ni ya kazi au ya mapumziko, kwa sababu modeli iliyoona wiki nne tu za Novemba haina namna ya kuijua Krismasi.

Gawa data kwa wakati, usizichanganye. Novemba yote iwe ya mafunzo, tarehe 1 mpaka 14 Desemba iwe ya uhakiki, na tarehe 15 mpaka 22 Desemba iwe ya majaribio. Tarehe 23 Desemba mpaka 1 Januari ziweke kando kama jaribio la pekee, ili ujue modeli inafanyaje mambo yanapobadilika. Programu nyingi hugawa data kwa kuzichanganya kama karata, na kwa kazi hii huo ni udanganyifu hata kama haukukusudiwa: thamani ya 10:10 inafanana sana na ya 10:00 na ya 10:20, kwa hiyo modeli iliyoziona hizo mbili wakati wa mafunzo haitabiri ya 10:10, inajaza pengo tu.

Kipimo cha kushindana nacho

Amua kwanza unatabiri umbali gani mbele. Kwa uamuzi wa kuzima na kuwasha masafa, saa moja inatosha, yaani vipindi sita vya dakika kumi. Kisha weka washindani wawili wasiojifunza chochote: wa kwanza anasema kwamba mzigo wa saa moja ijayo utakuwa sawa na wa sasa, na wa pili anasema utakuwa sawa na wa saa kama hiyo wiki iliyopita. Wa pili ni mgumu kumshinda kuliko anavyoonekana, kwa kuwa maisha ya mjini yanafuata wiki. Modeli isiyomshinda huyu isiendelee hatua nyingine, hata ikiwa imejengwa kwa ustadi mkubwa kiasi gani. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu kazi nyingi za fani hii hulinganisha modeli ngumu na modeli nyingine ngumu, na msomaji hapati kamwe kujua kama wiki iliyopita peke yake ingetosha.

Pima kosa kwa wastani wa tofauti kati ya utabiri na ukweli, ukigawa kwa wastani wa mzigo wa mraba wenyewe, ili mraba wenye mzigo mdogo na wenye mzigo mkubwa iweze kulinganishwa. Usitumie asilimia ya kosa kwa kila kipindi, kwani usiku thamani zinakaribia sifuri, na kosa dogo likigawanywa kwa namba inayokaribia sifuri hutoa asilimia za kutisha zisizo na maana yoyote kwa mhandisi.

Kuna jambo zito zaidi. Kosa la kutabiri mzigo mdogo kuliko uliokuja halilingani na kosa la kutabiri mkubwa. La kwanza linamwacha mteja bila huduma. La pili linapoteza umeme. Kwa sababu hiyo, usitabiri wastani pekee. Njia rahisi ni hii: baada ya kufundisha modeli, chukua makosa yake ya kipindi cha uhakiki katika kila mraba, yapange kuanzia dogo mpaka kubwa, tafuta kiasi ambacho ukikiongeza juu ya utabiri, mara tisa katika kumi ukweli hauzidi jumla hiyo, kisha kiongeze daima. Modeli zinazoweza kufundishwa moja kwa moja kwa lengo hilo, ambako kutabiri pungufu huadhibiwa mara tisa zaidi ya kutabiri kupita kiasi, ni nzuri pia, ila hesabu hii ya makosa hufanyika pale pale kwenye mnara na haihitaji kutuma chochote popote.

Modeli ya kwanza

Anza na modeli ya mstari, ile inayozidisha kila namba inayopewa kwa uzito wake, kisha ikajumlisha. Mpe kila mraba thamani zake sita za mwisho, thamani ya saa inayotabiriwa kama ilivyokuwa jana, ambayo iko vipindi 144 nyuma ya hapo, na kama ilivyokuwa wiki iliyopita, vipindi 1,008 nyuma. Ongeza namba mbili za kueleza saa ya siku kama nukta inayozunguka duara, ili 23:50 na 00:00 ziwe majirani badala ya kuwa ncha mbili zilizo mbali, na alama moja ya siku ya mapumziko. Hizo ni namba 11, na pamoja na ile isiyobadilika ni 12. Kabla ya yote, gawa thamani za kila mraba kwa wastani wake wa Novemba, na Novemba tu. Ukiingiza Desemba katika wastani huo, umeionjesha modeli majibu ya mtihani.

Modeli hii ina sifa ambayo haisemwi vya kutosha. Tuuchukulie kila mraba kuwa mnara mmoja. Ukiifundisha kwa njia ya kupunguza jumla ya makosa yaliyozidishwa yenyewe kwa yenyewe, pamoja na adhabu ndogo ya kuzuia uzito usikue mno, huhitaji kukusanya data za minara mahali pamoja, wala huhitaji duru nyingi za mawasiliano. Kila mnara unajumlisha mizidisho ya namba zake 12 zenyewe kwa zenyewe, ambayo ni namba 78 zisizojirudia, na mizidisho ya namba hizo 12 kwa jibu sahihi, ambayo ni 12 nyingine. Jumla ni namba 90. Hata kila namba ikichukua baiti 8, mnara unatuma baiti 720 mara moja tu. Seva inajumlisha jedwali la minara yote, inatatua mlinganyo mmoja, na kupata modeli ile ile kabisa ambayo ingepatikana kama data zote zingekusanywa. Kinachotofautiana ni makosa madogo ya ukadiriaji wa kompyuta, si hesabu yenyewe.

Ukitoka hapo, jaribu miti ya maamuzi inayojengwa mmoja juu ya makosa ya mwingine, ambayo inapatikana tayari katika scikit-learn, maktaba huria ya programu, na ambayo kwa data za majedwali kama haya mara nyingi huwa na nguvu kubwa bila marekebisho mengi. Kisha, ukitaka, jaribu mtandao wa neva (modeli ya tabaka za hesabu zinazolishana, si mtandao wa simu) wa aina ya LSTM, uliobuniwa na Sepp Hochreiter na Jürgen Schmidhuber na kuchapishwa mwaka 1997, ambao husoma mfuatano wa thamani na kubeba kumbukumbu kutoka kipindi kimoja hadi kingine. Kila hatua unayopanda, andika kando kosa lililopungua na baiti zilizoongezeka. Thamani za miraba jirani husaidia pia, lakini ukishaziingiza, minara italazimika kupashana habari kila baada ya dakika kumi maisha yake yote, na hiyo ni gharama ya kudumu ambayo haionekani katika jedwali la makosa.

Kujifunza bila kukusanya data

Mwaka 2016 watafiti wa Google, wakiongozwa na Brendan McMahan, walieleza njia ya kufundisha modeli moja kwa vifaa vingi bila data kuondoka katika vifaa hivyo. Kazi yao ilichapishwa rasmi mwaka 2017, na Google iliitumia kuboresha kibodi yake ya simu, Gboard. Hapa tutaiita ujifunzaji shirikishi. Seva hutuma modeli kwa baadhi ya washiriki. Kila mshiriki huifundisha kwa data zake mwenyewe mizunguko michache, kisha hurudisha uzito mpya. Seva huchukua wastani wa uzito huo, ikimpa mshiriki mwenye data nyingi nafasi kubwa zaidi katika wastani, halafu duru nyingine huanza.

Wengi hudhani kwamba njia hii hupunguza trafiki kwa kuwa data hazisafiri. Tuhesabu. Mtandao wa LSTM wenye seli 64 na ingizo moja una takriban namba 17,000, yaani baiti 68,000. Kuishusha modeli na kuirudisha ni kilobaiti 136 kwa duru moja; kwa duru 100 ni megabaiti 13.6 kwa kila mnara. Data zote za mraba mmoja wa Milan kwa siku 62 ni thamani 8,928, yaani kilobaiti 35.7. Ujifunzaji shirikishi wa modeli hii unasafirisha mara 380 ya data ambazo ulizuia zisisafiri. Kwa miraba yote 10,000 ni gigabaiti 136 dhidi ya megabaiti 357.

Unaweza kupunguza. Chagua mshiriki mmoja katika kila kumi kwa duru, nayo gharama ya wastani inashuka mara kumi. Andika kila uzito kwa biti 8 badala ya 32, nayo inashuka mara nne tena. Umefikia kilobaiti 340 kwa mnara, na bado ni zaidi ya mara tisa ya data zenyewe. Kwa hiyo, kama minara yote ni ya kampuni moja, na vipimo vimeshajumlishwa kwa dakika kumi, na kampuni ina haki ya kuvitumia, vikusanye. Hakuna aibu katika jibu hilo.

Hesabu inageuka pale data ghafi zinapokuwa nzito. Chukua mfano wa mnara unaoandika vipimo 1,000 kila sekunde, kila kimoja baiti 4: hizo ni zaidi ya megabaiti 345 kwa siku moja, na mbele ya mzigo huo megabaiti 13.6 za mafunzo ni kidogo. Inageuka pia pale ambapo kampuni mbili zinataka modeli ya pamoja lakini haziwezi kuonyeshana takwimu za wateja, au pale data ziko ndani ya simu za watu. Katika hali hizo sababu yako ni umiliki na faragha, nawe useme hivyo waziwazi badala ya kujificha nyuma ya hoja ya kuokoa trafiki.

Kufanya majaribio, huhitaji minara. Tumia Flower, programu huria ya ujifunzaji shirikishi, katika kompyuta moja, chagua miraba 100 badala ya 10,000, na kila mraba uwe mshiriki. Ongeza kaunta inayohesabu baiti zinazotumwa na kupokewa, kwa sababu bila kaunta hiyo jaribio lako linapima nusu ya jambo. Katika duru za mwanzo utaona kosa likishuka haraka. Baadaye litasuasua, na hapo tofauti ya Bocconi na Navigli inarudi. Kila mmoja anaivuta modeli upande wake, na wastani wao unaweza kuwa modeli isiyomfaa yeyote. Ukiongeza mizunguko ya mafunzo ndani ya kila mshiriki ili kupunguza duru, unaokoa baiti, lakini washiriki wanaachana mbali zaidi kabla ya kukutana tena.

Dawa ziko kadhaa. Moja, inayoitwa FedProx, humwekea kila mshiriki adhabu ndogo anapoenda mbali na modeli ya pamoja. Nyingine ni kuwapanga washiriki katika makundi kwa umbo la wiki zao, na kila kundi kuwa na modeli yake. Ninayoipendelea mimi ni ya tatu, kwa urahisi wake: sehemu ya chini ya modeli inajifunza kwa pamoja, na tabaka la mwisho linabaki mali ya kila mnara, likifundishwa hapo hapo na lisitumwe. Tabaka hilo katika mfano wetu lina namba 65 tu, na ndilo linalobeba tabia ya mtaa.

Usidhani kwamba kutotuma data ni sawa na kutovuja kwa data. Mwaka 2019 Ligeng Zhu na wenzake walionyesha kwamba mabadiliko ya uzito anayotuma mshiriki yanaweza kutosha kuijenga upya picha au sentensi aliyofundishia. Kinga inayofaa ni kujumlisha kwa siri, njia ambayo Keith Bonawitz na wenzake waliieleza mwaka 2017: kila mshiriki hufunika uzito wake kwa namba za bahati nasibu ambazo hufutana pale tu michango ya wote inapojumlishwa, na seva huona jumla pekee. Zile namba 90 za modeli ya mstari nazo zinastahili ulinzi huo huo, kwani ni muhtasari wa tabia ya eneo, na eneo linaweza kuwa na nyumba chache tu. Anayefanya kazi hii Kenya au Tanzania asome kwanza sheria za ulinzi wa data za nchi yake, ya mwaka 2019 kwa Kenya na ya mwaka 2022 kwa Tanzania, kabla ya kuomba faili lolote la kumbukumbu za simu.

Kuiweka kazini

Mahali pa kuiweka modeli panategemea kasi ya uamuzi. Katika usanifu wa O-RAN, muungano wa kampuni za simu ulioanzishwa mwaka 2018, kuna kidhibiti kinachofanya maamuzi kati ya milisekunde 10 na sekunde moja, na kingine cha maamuzi yanayozidi sekunde moja. Utabiri wa saa moja mbele ni kazi ya hicho cha pili. Kuusukuma katika cha kwanza ni kupoteza nafasi ya gharama kubwa. Kwa upande wa mtandao mkuu wa 5G, viwango vya 3GPP, ushirika unaoandika viwango vya mitandao ya simu, vimeweka kitengo maalumu cha uchambuzi wa data kiitwacho NWDAF, ambacho kinaweza kutoa utabiri wa namna hii kwa vitengo vingine.

Kwa wiki chache za kwanza modeli itabiri bila kuamuru chochote, huku ukiandika ingezima nini na ukweli ulikuwaje. Ikianza kuamuru, iruhusiwe kugusa masafa ya ziada ya kuongeza uwezo tu, kamwe si masafa ya msingi yanayofunika eneo lote, kwa sababu mtu anayepiga simu ya dharura saa tisa za usiku hawezi kusubiri modeli ikosolewe. Weka pia kanuni isiyojifunza: mzigo ukivuka kiwango ulichokipanga, masafa yote yawashwe mara moja, modeli iseme isemavyo. Kila wiki ilinganishe tena na yule mshindani wa wiki iliyopita, na ikishindwa naye wiki mbili mfululizo, ifundishwe upya.

Jaribio la tarehe 23 Desemba mpaka 1 Januari litakuonyesha kosa likipanda, na hapo utaelewa kwa nini kalenda ya Milan haiwezi kuhamishiwa Mombasa au Zanzibar kama ilivyo. Katika mwezi wa Ramadhani watu huamka kula daku kabla ya alfajiri, saa zile zile ambazo modeli iliyofunzwa Milan inaziona kuwa za kuzima mitambo. Mwezi huo hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo tarehe za mwaka jana hazisaidii, na Idd hutegemea kuandama kwa mwezi, kwa hiyo hata wewe huijui kwa hakika mpaka jioni ya kuamkia siku yenyewe. Weka alama ya Ramadhani katika data kwa mkono. Alama ya Idd iache wazi, mhandisi wa zamu aiwashe tangazo linapotolewa, na katika usiku huo zuia uzimaji wote.